Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamia Mji wa Lamu

Anayetaka kuhamia mji wa Lamu, iwe ni kwa kazi, kwa ndoa au kwa mapenzi tu ya mji wenyewe, aghalabu huanza kwa kuuliza kodi ya nyumba na bei ya samaki, maswali ambayo atajibiwa na mtu yeyote pale gatini. Linalosahauliwa ni kwamba katika mji mdogo ulio kisiwani karibu kila haja hutimizwa na mtu unayemjua kwa sura, na mtu huyo utapishana naye kesho katika kichochoro ambacho punda mwenye shehena akipita inakubidi uegemee ukuta. Matayarisho yako yote yajengwe juu ya jambo hilo.

Kwanza, usiamue kuhama kwa kuujua mji wakati wa upepo wa kaskazi pekee. Wageni wengi huja kati ya Desemba na Machi, bahari ikiwa tulivu na samaki wakipatikana kwa wingi. Njoo pia wakati wa upepo wa kusi, hasa Mei au Juni, mvua ya masika inaponyesha, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinapobaki vimefungwa, ndipo utakapojua kitoweo kinavyoadimika na safari zinavyoahirishwa. Ikiwa kazi yako itakupeleka Faza au Siyu katika kisiwa cha Pate, jifunze na saa za maji kujaa na kupwa, maana boti nyingi hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, ulio kati ya bara na kisiwa cha Manda.

Kuhusu mizigo, basi na lori huishia Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo mzigo hupakiwa katika boti hadi gati ya Lamu, kisha, kwa kuwa mitaa ya ndani haipitiki kwa gari, hubebwa na punda au mkokoteni hadi mlangoni. Jokofu moja basi hushushwa na kupakiwa mara kadhaa, na kila mkono unaoligusa una ujira wake, nao upatanwe kabla mzigo haujanyanyuliwa. Pima pia ngazi za nyumba, kwani katika nyumba za kale ni nyembamba na zina kona. Mimi ningemshauri mtu aache kitanda chake alikotoka na achongewe kingine hapa hapa, kwa maseremala ambao kazi yao inajulikana pwani nzima.

Nyumba yenyewe ichunguzwe kwa makini. Nyingi ni za urithi na zina warithi wengi, baadhi yao wakiishi Mombasa au ng'ambo, kwa hiyo hakikisha kwamba anayepokea kodi ameruhusiwa na wenziwe, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Tazama boriti kama zimeliwa na mchwa, na chokaa ya ukutani kama inabanduka kwa chumvi. Usipange kubomoa ukuta wala kubadilisha mlango kwa hiari yako, kwa sababu mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na mabadiliko ya majengo yake yanahitaji idhini.

Lakini tayarisho kubwa kuliko yote ni la moyo, nalo ni kukubali kujulikana. Mwezi wangu wa kwanza nilishikwa na homa, na kabla sijamwambia mtu nililetewa uji na jirani, kwa kuwa mwenye duka aliona sikwenda kununua mkate siku mbili. Mwezi uleule nilibishana na hamali juu ya ujira wake, nikapandisha sauti, na kufikia alasiri habari ilikuwa imeshafika kwenye mabaraza ya mtaa wa pili. Ilinilazimu nimfuate nimwombe radhi mbele ya wenzake, na nashukuru kwamba nilifanya hivyo mapema. Macho yaliyoniona nikiugua ndiyo yaliyoniona nikikosa adabu.

Basi zoea kutoa salamu kwa kila aliyeketi barazani, hata ukiwa na haraka. Mtu mzima haitwi kwa jina tupu; mwite mzee, mama, au ami mkishazoeana. Ukifika kwa mtu piga hodi ungoje, na ukikaribishwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, usijipenyeze ndani. Ukisikia msiba mtaani, nenda siku hiyohiyo ukawape wafiwa mkono, maana mazishi hayacheleweshwi. Ramadhani usile njiani mchana, hata kama hufungi. Na Mfunguo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, watu wanapomiminika kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, usipange kuhamisha vyombo vya nyumbani, kwani boti na vyumba hujaa.

La mwisho ni afya. Mjini kuna Hospitali ya King Fahd, ila ugonjwa unaohitaji bingwa huweza kukulazimu kusafiri hadi Malindi au Mombasa, kwa boti na barabara ya zaidi ya kilomita 200, au kwa ndege kutoka Manda. Mwenye mjamzito au mzee nyumbani aweke akiba ya nauli, dawa za kutosha mwezi mzima, na maafikiano na nahodha mmoja atakayekubali kuamshwa usiku. Nambari yake ya simu iandikwe kwa tarakimu kubwa karibu na mlango, na jirani wa kuume na wa kushoto wapewe pia.