Kuongoza kipindi cha wanaume kanisani wakati wa kampeni

Kwa makanisa ya kilokole ya Tanga, iwe Ngamiani au Makorora, Jumamosi jioni inafaa, wanaume wakishatoka kazini. Tenga dakika 90. Watu wasizidi 12. Wakizidi, wazee huongea peke yao na vijana hunyamaza.

Someni Waefeso 5, ila msianzie mstari wa 22. Hapo ndipo wengi huharibu. Anzeni na wa 21, unaoagiza kunyenyekeana, kisha kila mmoja ahesabu mke ameambiwa nini na mume ameambiwa nini. Maagizo ya mume ndiyo marefu, na ndiyo mazito: ajitoe kwa ajili ya mkewe. Kaeni hapo nusu saa nzima, bila haraka.

Masomo ya wanaume kutoka Marekani, kama ya Promise Keepers, huduma ya wanaume Wakristo iliyoanza mwaka 1990, yachujeni kwanza. Mengine hubeba siasa za huko.

Mgombea akija, mpeni kiti, si mimbari. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kuandikisha chama cha siasa cha kupigania maslahi ya dini. Sadaka yake iingie kapuni kama za wengine, isitangazwe. Na ndugu akidai uongozi ni wa wanaume tu, fungueni Waamuzi 4, habari za Debora, mwanamke aliyewaongoza Waisraeli.