Jostiki ikiganda katikati ya safari
Jostiki au mkono wa gesi ukiacha kuitika simuleta ya ndege ikiwa angani, izuie Windows isikate umeme wa USB. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), bofya mara mbili kila USB Root Hub (kitovu cha milango ya USB), nenda Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Kwenye safari ndefu rubani wa otomatiki ndiye anayeendesha, wewe hugusi kitu, na Windows inaweza kukilaza kifaa ikidhani hakitumiki. Haisaidii kama waya umechoka. Hakikisha kwanza: andika joy.cpl kwenye Run (bonyeza Windows+R), fungua sifa za kifaa, sukuma mkono taratibu. Alama ikisogea, kifaa ni kizima. Basi kagua vitufe ulivyopanga ndani ya simuleta.