Onja vanila kwanza kabla ya kulipatia duka alama

Ukipita maduka ya aiskrimu Mji Mkongwe na unataka kujua lipi la kurudia, omba kwanza kijiko kimoja cha vanila, si ladha yenye korosho au biskuti. Usitafune. Ibandike kwenye kaakaa, uisugue taratibu kwa ulimi. Ukihisi chenga za barafu zinazoyeyuka papo hapo, aghlabu ilishalainika ikagandishwa tena, mathalani umeme ulikatika na jenereta ikachelewa: chembe ndogo za barafu huyeyuka, na maji yake yakiganda polepole hujishika kwenye zilizobaki, zikawa kubwa. Chenga zinazokaa mdomoni kama mchanga ni jambo jingine, hiyo ni sukari ya maziwa iliyojitenga. Kwangu mimi duka la namna hiyo halipati alama ya juu, hata likiwa linatazama bahari. Kipimo hiki hakifai kwa barafu za ukwaju au embe zisizo na maziwa, maana chenga ndiyo asili yake. Hata granita, barafu tamu ya Sicily kule Italia, hutengenezwa hivyo makusudi. Wala usionje ukiwa umetoka tu kunywa kahawa ya moto.