Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: anza kabla tangazo halijabandikwa

Mtaani kwetu tangazo la mkopo hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, juu ya tangazo la chanjo na chini ya orodha ya wanaodaiwa hela ya taka. Karatasi moja tu, muhuri wa bluu, na tarehe ya mwisho iliyo karibu mno. Mara ya kwanza kuliona nilikuwa napita na ndoo ya maandazi. Nikaitua ndoo, nikasoma masharti yote, nikahesabu siku zilizobaki, nikaibeba ndoo yangu. Kikundi hatukuwa na akaunti ya benki, na katiba yetu ilikuwa kichwani mwa mwenyekiti.

Baadaye nimekuwa katibu kwa miaka kadhaa na nimewasindikiza wenzangu wa mitaa ya jirani. Nikiulizwa naombaje mkopo wa halmashauri, siku hizi sianzi na fomu. Naanza na yale ya kufanya wakati mlango wa mtendaji bado hauna karatasi.

Hela yenyewe inatoka wapi

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo hii: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Mkichukua milioni tatu mnarudisha milioni tatu, na aliyewahi kuponea chupuchupu kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kali ya mtaani, anajua maana yake.

Mapato ya ndani ni ule ushuru wa soko unaotozwa asubuhi, leseni za biashara, ushuru wa mazao na mengineyo. Kwa hiyo mfuko wa mkopo hujaa kadiri halmashauri inavyokusanya. Ukiambiwa hela ya awamu hii imekwisha, mara nyingi ni kweli imekwisha. Uliza awamu nyingine inatarajiwa lini.

Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi mwaka 2024 na kanuni mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Kama uko huko, uliza kwanza ofisini kwenu, kwa sababu njia inaweza kutofautiana na hii ninayoieleza. Nakumbusha historia hii ili usikasirike ukiulizwa mara tatu mwenzako fulani anakaa nyumba ipi. Hewa ndiyo iliyotuletea hayo.

Habari zinapita wapi

Mlangoni kwa mtendaji habari hufika mwisho. Kabla ya hapo huwa zimeshapita kwenye tovuti na kurasa za mitandao za halmashauri, kwenye mkutano wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji, na kwenye simu ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Huyu wa mwisho ndiye wa kumshika. Kwetu ana kundi la WhatsApp la viongozi wa vikundi vilivyosajiliwa, na ujumbe wake hutangulia karatasi kwa siku kadhaa. Hakuna hila hapo: yeye huwaambia anaowafahamu, na anawafahamu waliojisajili.

Basi nendeni ofisini kwake hata kama hakuna mkopo. Mwambieni, "Shikamoo mama, sisi ni kikundi kipya, tunataka kusajiliwa." Acheni namba mbili za simu, ya mwenyekiti na ya katibu, maana ya mmoja itazimika siku hiyohiyo.

Kikundi na karatasi zake

Wanawake au vijana muwe watu wasiopungua watano. Kila mmoja awe Mtanzania, ametimiza miaka 18, hana ajira rasmi. Kwa vijana wa kiume kanuni mpya zimepandisha ukomo wa umri kutoka miaka 35 hadi 45, jambo ambalo watu wengi bado hawajalisikia. Kaka zangu wenye miaka 40 wanaendelea kujihesabu wazee. Kundi la watu wenye ulemavu linaruhusiwa kuwa dogo zaidi, na hata mtu mmoja mmoja anaweza kuomba.

Msimwingize shangazi ili tu kutimiza idadi. Deni ni la wote, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa kuhusu mradi anaweza kuwa huyo huyo shangazi.

Mkishakuwa pamoja, fanyeni kikao na mwandike muhtasari: waliohudhuria na saini zao, viongozi waliochaguliwa, shughuli mtakayofanya. Kisha katiba. Msinunue ya kunakili pale steshenari bila kuisoma. Niliwahi kuona katiba ya kikundi cha ushonaji yenye kifungu kizima cha kugawana mavuno ya mpunga. Ombeni mfano kwa Afisa Maendeleo, kisha muandike mambo yenu: kiingilio, hisa, faini ya kuchelewa, na mwanachama akifa au akihama deni lake linakuwaje. Katiba na muhtasari vinapita kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, vinapanda kata, vinakwenda halmashauri, nanyi mnapata cheti cha usajili.

Ndipo muende benki. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo tulipokwama sisi. Katiba yetu ilianza na neno "Kikundi cha", na cheti vilevile. Binti wa kaunta akaona jina ni refu, akaandika jina letu na "Group" mwishoni. Hatukujali, jina si ni lile lile? Miezi minne baadaye maombi yetu yalirudishwa kwa sababu jina la akaunti halifanani na la cheti. Kurekebisha kulihitaji barua, muhtasari mpya, na watia saini wote watatu kufika tawini siku moja, na mmoja alikuwa Tukuyu kwenye msiba. Awamu ikatupita. Kabla hamjaondoka kaunta, wekeni cheti na karatasi ya akaunti ubavu kwa ubavu, mfananishe herufi kwa herufi.

Fanyeni hivyo hivyo kwa majina yenu. Anayeitwa Mwanaidi mtaani huku kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahidi, aandikwe kama NIDA inavyosema. Kama kuna aliye na namba tu na kadi haijatoka, namba ndiyo mnayoihitaji zaidi.

Andiko la mradi

Watu hulipa vijana wa steshenari elfu thelathini kuandikiwa kurasa kumi na mbili zenye dira na dhima. Kamati ikiuliza, hakuna mwanakikundi anayejua kilichoandikwa. Kurasa tatu zenye hesabu mnayoielewa zinatosha.

Hesabu iwe hivi. Tuseme mna banda tayari na mnataka kufuga kuku wa nyama 200. Bei zilizo hapa ni za mfano. Wekeni za sokoni kwenu. Vifaranga 200 kwa 1,800 ni 360,000. Chakula mifuko 14 kwa 70,000 ni 980,000. Chanjo na dawa 60,000, maranda 30,000, mkaa wa joto 60,000. Jumla 1,490,000. Wakifa 12, mkauza 188 kwa 9,000, mnapata 1,692,000. Faida ni 202,000.

Wengi huishia hapo, wakaomba milioni kumi. Endeleeni. Kufuga ni wiki sita, kusafisha na kupumzisha banda wiki mbili, kwa hiyo ile 202,000 ni ya miezi miwili. Kwa mwezi ni 101,000. Mkiomba ile 1,490,000 mlipe kwa miezi 12, rejesho la mwezi ni kama 124,000, na mtaanza kula mtaji mwezi wa kwanza. Kwa miezi 18 rejesho ni kama 83,000, mnabaki na akiba kidogo ya siku kuku watakapougua mdondo. Afisa anayeona mmefika kwenye mstari huo anajua anaongea na wafugaji.

Ambatanisheni ankara kifani (proforma) ya muuza vifaranga au mashine, na mseme mtamuuzia nani. "Wateja wapo wengi" hawaandikwi. Andikeni "mama lishe wanne wa stendi, kuku 25 kila wiki".

Kuomba kwenyewe

Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, unaoitwa Wezesha Portal. Kikundi kinasajiliwa humo kwa taarifa zake na za kila mwanachama, namba za NIDA zikiwamo, kisha maombi yanatumwa na viambatisho vyake. Kama hakuna kati yenu anayemudu kompyuta, Afisa Maendeleo wa kata husaidia, ila msimpelekee simu yenye picha za karatasi zilizokunjamana. Skanini steshenari, muhifadhi kwenye barua pepe ya kikundi ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili. Andikeni pia barua ya maombi ya kawaida, ipite kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo inayozungumza ukiambiwa hamkuleta.

Halafu wanakuja. Ukaguzi wetu ulifanyika saa nne asubuhi, vijana wawili na daftari. Waliingia wakamkuta bibi yetu mmoja anachambua dagaa mlangoni.

"Shikamoo bibi. Wewe ni mwanakikundi?"

"Marahaba wajukuu zangu. Mimi ndiye mweka hazina."

"Kwenye akaunti mna shilingi ngapi?"

Akataja mpaka mia tano ya mwisho, akaingia ndani akatoka na daftari la hisa lililofungwa kwenye kanga. Hawakuuliza mengine mengi. Nimeona vikundi vyenye mafaili ya plastiki mazuri vikianguka kwenye swali hilo hilo.

Baada ya ukaguzi maombi yanapitia kamati za kata na za halmashauri. Itachukua muda. Ingia kwenye mfumo uone yalipofikia, au muulize Afisa wa kata mara moja kwa wiki, isiwe kila siku. Yakikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Kasoro nyingi ni za kurekebisha na kurudisha, kama ile ya jina.

Yakikubaliwa mtapewa mafunzo na mtasaini mkataba. Usomeni mbele ya wanachama wote, kwa sauti: kiasi, tarehe ya rejesho la kwanza, muda, na adhabu ya kuchelewa. Hela inaingia kwenye akaunti ya kikundi. Siku hiyo kutatokea mtu atakayependekeza mgawane kila mmoja aende na yake. Kataeni hapo hapo, muandike kwenye muhtasari kwamba mmekataa. Marejesho hulipwa kwa control namba (namba ya malipo ya serikali), kwa benki au simu, na risiti ya kila mwezi mnaitunza pamoja na mkataba.

Kuhusu malipo ya njiani: kama halmashauri yenu ina ada halali ya jambo fulani, itakupa control namba na risiti yake. Mtu akitaka "ya chai" ili faili lenu lipande juu, au asilimia yake mkopo ukitoka, andika jina, tarehe na alichosema, kisha piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, bure.