Canon R50 au Sony ZV-E10: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Vijana wengi wanaotaka kuanza kupiga picha za sherehe au kufungua chaneli ya YouTube wananiuliza swali moja, bro nichukue ipi, R50 au ZV-E10, na mi kabla sijajibu huwa nauliza kwanza, hela yako ya kwanza itatoka wapi, kwenye picha za mnato au kwenye vidio ya mtu anaongea? Maana hizi kamera mbili ukiziangalia kwenye karatasi ni kama mapacha, zote mirolesi ndogo (kamera zisizo na kioo ndani), zote megapikseli 24, zote sensa (kile kibao kinachonasa mwanga) ya saizi ya APS-C, zote zinapiga vidio ya 4K mpaka fremu 30 kwa sekunde, na zilipotoka, Sony mwaka 2021 na Canon mwaka 2023, bei yake pamoja na lenzi ya kuanzia ilikuwa ileile kama dola 800. Ukikaa kulinganisha namba utamaliza mwezi bila jibu. Tofauti iko kwenye vitu vidogo ambavyo muuzaji hakuambii, na vitu hivyo ndo vinavyokuumiza siku ya kazi.

Anza na hiki: R50 ina vyufainda, kile kidirisha cha kuweka jicho ukachungulia. ZV-E10 haina kabisa, unategemea skrini tu. Unaweza ukasema si kitu, hata simu hatuchungulii. Sasa nenda Coco Beach saa saba mchana na maharusi, jua la Dar lile, mwanga unapiga kwenye skrini unaona uso wako mwenyewe badala ya bibi harusi, fokasi imeshika wapi hujui, mwanga umezidi hujui, unapiga kwa kubahatisha. Hapo ndo utajua umuhimu wa kile kidirisha. Kwa hiyo kama kazi yako ni picha za nje, maharusi, mahafali, mpira wa mtaani, mi nakwambia R50 bila kupepesa macho. Na fokasi yake ya kukimbizana na macho ya mtu ni nzuri sana, hata mtoto akikimbia inamfuata, inapiga mpaka picha 12 kwa sekunde, 15 ukitumia shata ya kielektroniki, yaani isiyo na pazia linalosogea. Sony nayo fokasi yake haina shida, inapiga 11, kwa hiyo hapo usijiumize kichwa.

Ila R50 ina jambo moja ambalo watu wanaligundua wakiwa wameshalipa. Pale juu pa kuchomekea flashi, Canon waliweka pini za mtindo mpya peke yake, zile za zamani hawakuweka. Maana yake ile Speedlite (flashi ya Canon) ya zamani uliyorithi kwa kaka yako, au flashi za kawaida zilizojaa sokoni za Canon, hazifanyi kazi ukizichomeka moja kwa moja, inabidi ununue adapta inaitwa AD-E1. R50 ina kiflashi chake kidogo cha kuinuka lakini hicho kwenye ukumbi wa sendofu hakifiki popote, kitawasha watu wa meza ya mbele basi. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya R50 kwa kazi za ukumbini, weka na hela ya adapta humohumo, usije ukaanza kuitafuta Ijumaa jioni wakati shughuli ni Jumamosi. ZV-E10 haina flashi ya ndani lakini flashi ya Sony, au Godox zile zenye herufi S mwishoni, unachomeka inapiga. Angalia hiyo herufi, C ni ya Canon na S ni ya Sony, nimeona watu wanabeba ya C kwenye Sony halafu wanalaumu kamera.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa nakaa kidogo maana watu wanaidharau. ZV-E10 ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea mbele ya kamera. Ina maiki tatu juu, inakuja na kile kimanyoya cha kuzuia upepo, ina tundu la maiki ya nje na tundu la hedifoni. R50 ina tundu la maiki tu, hedifoni hakuna. Kuna siku nilirekodi nasaha za baba wa bibi harusi, mzee anaongea maneno mazito, ukumbi mzima umetulia, mi niko na kamera isiyo na tundu la hedifoni na waya wa maiki umelegea kidogo tu, naona ile mistari ya sauti kwenye skrini inapanda na kushuka nikajua mambo safi. Kufika nyumbani kuediti, sauti yote ni mkwaruzo. Yule mzee hawezi kurudia yale maneno, na mimi bado yananiuma mpaka leo. Mistari inakuonyesha kuna sauti, haikuambii ni sauti gani. Kwa hiyo kama kazi yako ni mahojiano, mahubiri, podkasti, mapishi, kufundisha, ZV-E10 inakusaidia kuliko R50, na kama umeshachukua R50 basi kuwa na kirekoda cha pembeni, au kila baada ya kipande kifupi simama uchezeshe usikilize.

Halafu kuna muda wa kurekodi. R50 ikirekodi dakika 60 inakata, unabonyeza tena. Ibada au harambee inayochukua masaa matatu lazima uwe unachungulia saa. Sony haina ukomo huo, inaishia kadi au betri inapoishia, ila kwenye joto kuna setingi ya kuzima kamera ikipata moto, iweke kwenye "High" la sivyo itakuzimikia mapema, na usiiache juani kwenye tripodi ukasema ni kamera mbovu.

Kuhusu 4K utasikia watu wanasema Sony inakata picha. Ni kweli lakini nusu. Ukiweka fremu 30 inakata pembeni kidogo, kama mara 1.23, ukiweka 24 au 25 inatumia upana wote wa sensa. Na sisi huku umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo unatakiwa uwe kwenye PAL, yaani ule mfumo wa vidio wa nchi za hezi 50, fremu 25 hata hivyo, taa za ukumbini zisikuletee ile mistari inayotembea kwenye vidio. Kwa mtu wa Tanzania au Kenya hilo tatizo linaisha lenyewe ukiseti kamera vizuri. R50 haikati kwenye 25 wala kwenye 30. Zaidi ya hapo, Sony ukigeuza kamera haraka kushoto kulia nguzo zinapinda kama zimelewa, ukitembea nayo tembea taratibu, na zote mbili hazina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, mnategemea cha kwenye lenzi na kile cha kielektroniki ambacho kinakula pembeni ya picha.

Na hapo kwenye kula pembeni ndo lenzi ya kuanzia inapoingia. Canon inakuja na 18-45, Sony inakuja na 16-50. Unaona tofauti ni milimita mbili, lakini ukizidisha kwa ukubwa wa sensa Canon inaanzia kama 29 na Sony inaanzia 24, na namba ndogo ndo inaona upana zaidi. Ukijirekodi mwenyewe kwa kunyoosha mkono, ile 24 inaonyesha uso na mtaa nyuma yako, 29 inaanza kukubana, na ukiwasha kitulizo cha kielektroniki uso unajaa skrini nzima. Kwa mtu wa vlogi hilo ni kubwa.

Ila lenzi zote mbili hizo ni za mchana. Ile ya Canon ukizumu mpaka mwisho uwazi wake, yaani tundu la kupitisha mwanga, unashuka mpaka f/6.3, ya Sony f/5.6 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), ukumbini usiku picha inajaa chenga. Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nautilia mkazo kuliko wote, usimalize hela yote kwenye kamera. Bakiza ya lenzi moja yenye uwazi mkubwa. Kwa Canon kuna RF 50mm f/1.8, nzuri sana kwa picha za uso, ingawa kwenye R50 inakuwa kama 80 kwa hiyo kwenye chumba kidogo utaegemea ukuta. Kwa Sony uwanja ni mpana, Sigma wana 16, 30 na 56 zote f/1.4, Tamron wana 17-70 f/2.8, Viltrox nao wapo, na kwa kuwa watu wametumia hizi lenzi miaka mingi utapata hata za mkononi. Canon walikuwa wamefunga mlango kwa kampuni nyingine mpaka mwaka 2024 ndo Sigma na Tamron wakaanza kuleta za R50, sasa hivi hata ile Sigma 18-50 f/2.8 ipo kwa zote mbili, ila za Canon zilizotumika bado ni chache.

Lakini kama wewe tayari una DSLR ya Canon, zile kamera za zamani zenye kioo ndani, hesabu inageuka. Lenzi zako za EF na EF-S zinaingia kwenye R50 kwa adapta ya EF-EOS R na fokasi inafanya kazi vizuri, ile 50mm yako ya zamani haiendi kabatini. Na kama DSLR yako ni 750D, 800D au 200D basi hata betri ni ileile LP-E17. Kwa upande wa Sony, aliye na a6000 au a6400 betri yake NP-FW50 inaingia kwenye ZV-E10. Kwa vyovyote nunua betri ya pili, ikiwezekana ya tatu, hizi zote ni betri ndogo za kama mAh 1000 na vidio inazinywa haraka.

Ukishaamua, nenda dukani na vitu vitatu: memori kadi yako, maiki yako na rafiki yako mmoja. Kama ni Kariakoo usikubali kupimia chini ya taa za duka tu, omba usogee mlangoni, mpige rafiki akiwa kwenye kivuli na jua likiwa nyuma yake, uone fokasi inashika jicho au inashika ukuta. Rekodi 4K dakika kumi mfululizo. Chomeka maiki, sikiliza. Fungua na kufunga skrini mara kadhaa. Kisha, na hili usilisahau, ingia kwenye menyu utafute lugha. Mi niliwahi kuuziwa kamera iliyotengenezwa kwa soko la Japani, muuzaji akaniambia Kiingereza utaseti nyumbani, nyumbani hakukuwa na Kiingereza, menyu nzima Kijapani na hakuna pa kubadilisha. Sony za soko la Japani ndivyo zilivyo, kwa hiyo lugha uione kwa macho yako kabla hela haijatoka mfukoni. Linganisha serial namba ya kwenye boksi na ya chini ya kamera. Kama ni ya mkononi, funga lenzi mpaka f/22, piga ukuta mweupe, ukuze picha utafute madoa, halafu tazama ndani ya lenzi kwa tochi ya simu kama kuna fangasi kama utando wa buibui, hasa iliyokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar kwenye unyevu.

Angalia pia jina lote. Kuna ZV-E10 II ya mwaka 2024 na kuna R50 V ya mwaka 2025, hizo ni kamera nyingine. ZV-E10 II ina betri kubwa na 4K ya fremu 60 lakini haina shata ya kawaida, ya kielektroniki tu, kwa mtu wa flashi hiyo ni kesi. R50 V nayo ni ya vidio, vyufainda wameitoa. Muuzaji akikuambia "ni ileile tu, mpya zaidi" mwambie unataka uliyoandika kwenye karatasi.

Kama bado roho inasita, kodi. Dar na Nairobi wapo wanaokodisha kamera kwa siku, chukua moja wikiendi hii na nyingine wikiendi ijayo, fanya kazi ya kweli nayo hata kama ni ubarikio wa mtoto wa jirani, utajua mkono wako unapenda ipi. Menyu ya Canon unaigusa kama simu na inakuelekeza, ya Sony lazima utumie vitufe, wengine inawakera wiki ya kwanza.

Ukifika nayo nyumbani, usiku uleule weka PAL, Sony itakuambia ufomati kadi, kubali, weka fremu 25, shata 1/50 kwa vidio, na nunua kadi yenye alama ya kasi ya U3 au V30 maana Sony kwenye 4K ya juu inakula kama GB 45 kwa saa na Canon zaidi kidogo. Kadi mpya ijaze yote kwa kurekodi ukuta kabla hujaenda nayo kwenye shughuli ya mtu, feki ziko nyingi na zinajitambulisha zikifika katikati. Kwa jua la mchana tafuta filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, lenzi ya kuanzia ya Canon inachukua ya milimita 49 na ya Sony 40.5, vinginevyo hiyo 1/50 huwezi kuishika saa sita mchana bila picha kuwa nyeupe yote.