Jinsi ya kumsoma Granit Xhaka kama wewe ni kiungo usiye na mbio

Hii ni kwa wale viungo ambao kila kocha anawaambia "mzuri ila mzito". Huna spidi, huwezi kupiga chenga watu watatu, lakini pasi unaiona kabla ya wenzio. Sasa mtu kama wewe ukikaa unamwangalia Kante, kiungo Mfaransa anayekimbia bila kuchoka, unajipotezea muda tu, yale mapafu hayafundishwi. Msome Granit Xhaka, jamaa hajawahi kuwa na mbio toka anaanza mpira pale Basel kwao Uswisi, na bado ndio mtu aliyeichezea Uswisi mechi nyingi kuliko wote, ile rekodi ya Heinz Hermann ya mechi 118 aliipita tangu 2023.

Shida ni kwamba wengi wanamsoma vibaya. Mtu anatafuta video za mabao yake ya mbali, kesho yake mazoezini anafumua mashuti ya mita 30 yanaenda juu ya miti, alafu anasema nimejifunza kwa Xhaka. Yale mabao ni ziada. Ukitaka kujifunza, tafuta mechi nzima, dakika zote, na umwangalie yeye peke yake hata mpira ukiwa upande mwingine, tena hasa ukiwa upande mwingine.

Anza na Uswisi na Ufaransa, Euro, tarehe 28 Juni 2021 pale Bucharest. Uswisi wako nyuma 3-1, zimebaki kama dakika kumi na tano, Seferovic anarudisha moja (hawa wawili walikuwa pamoja toka kile kikosi cha Uswisi kilichobeba Kombe la Dunia la U-17 kule Nigeria 2009), alafu dakika ya 90 Pogba wa Ufaransa anapoteza mpira katikati na Xhaka anaachia pasi ya kupenya katikati ya mabeki, Gavranovic anamalizia, 3-3. Wakashinda kwa penati. Sasa usiishie kuisifia ile pasi, rudisha video nyuma kidogo uangalie kichwa chake. Anageuka kuangalia nyuma ya mabega muda wote, kushoto, kulia, tena kushoto, kwa hiyo mpira ukimfika tayari anajua nani yuko wapi. Mtu mwenye mbio anaweza kupokea kwanza ndio afikirie, akikosea atakimbia. Wewe huna hiyo nafasi.

Zoezi lake ni rahisi na halina gharama. Mnahitaji watu watatu, mmoja anakupigia pasi, mwingine anasimama nyuma yako kama mita kumi na kunyoosha vidole anavyotaka. Kabla mpira haujagusa mguu wako lazima utaje idadi ya vidole kwa sauti. Mwanzo utakuwa unakosea na mpira unakutoroka, kawaida. Ukizoea, huyo wa nyuma aanze kusogea, mara aje kukukaba mara abaki palepale, na wewe uamue kugeuka au kurudisha kwa mguso mmoja. Hili zoezi lina faida kuliko kuzunguka uwanja mara ishirini, kwangu mimi.

Pia angalia mwili unavyokaa wakati anapokea. Hapokei akiwa amempa mtoaji kifua chote, anakaa kiubavu, mguu wa kushoto ukiwa huru, mguso wa kwanza tayari unaelekea anakotaka kupeleka. Pasi nyingi anazopiga ni fupi na za kawaida sana, anatoa, anasogea hatua mbili, anaomba tena. Ukiangalia haraka haraka utasema huyu hafanyi kitu.

Sehemu ya nafasi ndio yenye utajiri. Xhaka wa Arsenal alifika 2016 akitokea Borussia Mönchengladbach, ambako alikuwa ameshapewa unahodha akiwa bado kijana, na miaka mingi pale London alikuwa anaachwa na eneo kubwa nyuma yake. Kiungo mzito akishapitwa anabaki na machaguo mawili, amwachie mtu aende au amchezee rafu, na yeye mara nyingi alichagua la pili. Kadi nyekundu tano Arsenal. Ile ya Manchester City Agosti 2021 aliruka na miguu yote miwili, ile ya Liverpool Januari 2022 alikuwa anawahi mpira kwa mshambuliaji Jota akachelewa, na ya Burnley Desemba 2020 hata haikuwa ya kuchelewa, alimkaba mtu shingo, hiyo ni hasira tu.

Alafu msimu wa 2022/23 kocha Arteta akamsogeza mbele, namba nane ya kushoto, yaani kiungo anayepanda kushambulia. Zinchenko beki wa kushoto anaingia katikati kukaa pembeni ya Partey, kiungo mkabaji, kwa hiyo Xhaka hana tena kazi ya kukimbizana na watu kuelekea golini kwake, anaingia kwenye boksi la wapinzani, akamaliza ligi na mabao saba. Mbio zake hazikuongezeka hata kidogo, ni kazi ndio iliyobadilika. Kwa hiyo ukiona kila mechi unapitwa, kabla hujajilaumu muulize kocha wako nani anaziba nyuma yako ukipanda, na ukikosa jibu baki nyuma ya mpira, usiende kumvamia mtu, rudi nyuma taratibu ukimziba njia ya katikati mpaka wenzio wafike. Kulala chini kumnyang'anya mpira iwe mwisho kabisa.

Leverkusen ya Ujerumani, alikohamia baada ya Arsenal, nako lazima uangalie, msimu wa 2023/24 chini ya kocha Xabi Alonso. Nyuma yake kuna mabeki watatu, mbele kuna Wirtz, kiungo mshambuliaji, yeye anakaa katikati kuamua gemu iende mwendo gani. Wakabeba Bundesliga ya kwanza kwenye historia ya klabu bila kupoteza mechi hata moja, na kwenye mashindano yote walipoteza moja tu, fainali ya Europa League mbele ya Atalanta. Mimi ningekwambia uangalie fainali ya DFB-Pokal, kombe la Ujerumani, na Kaiserslautern, Xhaka anafunga mapema, alafu kabla ya mapumziko Kossounou anapewa nyekundu, wanabaki kumi na wanamaliza 1-0. Kipindi cha pili chote angalia jinsi anavyopunguza kasi, anashika mpira sekunde moja zaidi, anarudisha nyuma, anawapa wenzie muda wa kuvuta pumzi. Huko ndiko kiungo mzito anapopata thamani yake.

Kuhusu kichwa, kuna ile Oktoba 2019 na Crystal Palace, Xhaka akiwa nahodha wa Arsenal anatolewa, uwanja wake mwenyewe unamzomea, anaweka mkono sikioni na kuvua jezi, kitambaa cha unahodha kikaondoka. Watu wengi wangehama. Arteta alipokuja Desemba akamshawishi abaki, na mechi yake ya mwisho pale, Mei 2023 dhidi ya Wolves, akafunga mawili uwanja huohuo ukimshangilia. Ukizomewa usijibu pale pale uwanjani, nyamaza utoke, mengine yaongeleeni ndani.

Kitu ambacho usimwige ni mguu wa kulia. Anautumia kidogo mno, timu zinazopresi vizuri zinalijua hilo, zinamfungia kushoto na anajikuta anazunguka na mpira kutafuta mguu wake. Yeye ameweza kuishi nalo kwa sababu ule wa kushoto ni wa daraja la juu, wewe usibahatishe. Kila mazoezi robo saa ukutani kwa mguu dhaifu tu, pasi fupi kwanza, za mbali baadae.

Na ukitaka kuona yote haya kwa sasa mtafute Sunderland ya Uingereza, alienda 2025 akiwa na miaka 32, timu iliyotoka kupanda daraja, wakampa unahodha. Angalia anavyowapanga wenzie kwa mikono muda wote, anaonyesha nani asogee wapi, anaongea hata mpira ukiwa umetoka nje. Hilo unaweza kuanza nalo mazoezi ya kesho.