Jinsi ya kutumia nahau ya Kiingereza "the penny dropped"

Nahau hii, ambayo neno kwa neno husema kwamba peni, yaani sarafu ndogo ya Uingereza, imedondoka, hutumiwa zaidi na Waingereza kueleza kwamba mtu aliyechelewa kuelewa jambo ameling'amua kwa ghafla. Katika kufundisha Kiingereza nimewaona wanafunzi wakiikariri upesi, kisha wakaitumia pasipostahili.

Hatua ya kwanza ni kuifahamu taswira yake. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, chimbuko lake ni mashine za zamani zilizoendeshwa kwa sarafu: mtu alitumbukiza peni tunduni, na sarafu ilipokwama, mashine ilikaa kimya mpaka peni idondoke.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kupima mazingira, kwa kuwa nahau hii inadai dalili ziwe zilikwisha kuwapo mbele ya mtu, naye asizitambue maana yake mpaka zimfunukie kwa mara moja. Mfanyakazi anayepongezwa tangu asubuhi bila kujua sababu, kisha akaona jina lake kwenye orodha ya waliopandishwa cheo, anaweza kusema "then the penny dropped". Aliyejifunza kuendesha gari kidogo kidogo hawezi. Huyo atasema "I got the hang of it", yaani nimeshaumudu ujuzi huo. Wala haimfai mtu aliyepewa habari mpya kabisa, kwani hapakuwa na kitu kilichokwama.

Hatua ya tatu ni sarufi. Kiima ni peni, si mtu, nayo hubaki katika umoja pamoja na "the": "The penny finally dropped", au "It took a while for the penny to drop". Ukisema "I dropped the penny", utaeleweka kwamba umeangusha sarafu. Jihadhari pia na "spend a penny", ambayo kwa Mwingereza ni namna ya staha ya kusema anakwenda msalani.

Hatua ya nne inawahusu wafasiri: tafadhali msiidondoshe peni katika Kiswahili. "Hapo ndipo alipong'amua" au "hatimaye akatanabahi" yanatosha, na neno "hatimaye" ndilo linalobeba ule ucheleweshaji.

Mwisho, zingatia adabu. Nahau hii ni ya mazungumzo na magazeti. Katika barua rasmi andika "I then realised". Kwa kuwa inadokeza kwamba mhusika alikawia kuelewa, ni salama kujisemea mwenyewe kuliko kumwambia mkubwa wako.